Muuza viatu wa kuja aliyepata udiwani Kanada mwaka 1866: tujadili hili swali la "kwenu wapi?"

Muuza Raba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mvua imetushika Mtwara tangu alfajiri, sokoni hakuna mteja, nimejibanza chini ya turubai na simu ina chaji ya kutosha. Acha nishushe kitu kilichonikaa rohoni mwezi mzima.

Mimi kazi yangu viatu. Raba za mtumba, na ndala kidogo za kuzugia. Babu mzaa baba alivuka Ruvuma akitokea upande wa Msumbiji kuja kukata mkonge enzi za Mwingereza, hakurudi. Baba kazaliwa huku, mimi nimezaliwa huku, na wanangu watatu wamezaliwa hospitali ya Ligula. Sasa siku moja kijiweni, kwenye kahawa, nikajikuta nimesema kwamba safari ijayo nafikiria kuchukua fomu ya udiwani. Mzee mmoja, mteja wangu na mtu ninayemwamkia kwa heshima zote, akaweka kikombe chini taratibu. "Sawa mwanangu. Lakini kwenu hasa ni wapi?"

Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka. Usiku usingizi haukuja.

Ndipo nikaanza kusoma habari za wafanyabiashara wa kuja walioingia siasa, nikamkuta muuza viatu mwenzangu. Jina lake Mifflin Wistar Gibbs. Mtu mweusi, kazaliwa Philadelphia, Marekani, tarehe 17 Aprili 1823, wakati weusi wengi wa nchi ile walikuwa watumwa. Yeye alizaliwa huru. Baba yake alikuwa mhubiri, akafariki mtoto ana miaka minane. Kijana akajifunza useremala, na pembeni akawa anasaidia kuwaficha na kuwavusha watumwa waliotoroka kutoka majimbo ya kusini. Mwaka 1850 akaenda San Francisco, kule dhahabu ilikokuwa imewapagawisha watu.

Alifika na ufundi wake. Akapata kazi ya ujenzi, mafundi weupe wakamwambia mwajiri: huyu akibaki, sisi tunashusha misumeno. Basi fundi seremala mzima akaketi nje ya hoteli akapiga viatu vya watu rangi. Wale mnaowapita vijana wa kupiga kiwi pale stendi kama mnapita nguzo ya umeme, hapo someni mara mbili.

Akadunduliza. Akaungana na mwenzake Peter Lester, mweusi wa Philadelphia kama yeye, wakafungua duka la buti na viatu. Si genge. Walikuwa wanaagiza mzigo kutoka Philadelphia, London na Paris.

Ngoja kuna mama anauliza raba ya mtoto wa shule. Narudi.

Korosho Ghafi

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu usituletee hadithi ya mtu aliyeanza na shilingi mia akawa tajiri, hizo tumechoka nazo.

Muuza Raba

Subiri basi, mzigo ndio kwanza nafungua belo.

Duka linakwenda, pesa inaingia. Lakini sheria ya California ilisema ushahidi wa mtu mweusi dhidi ya mweupe haupokelewi mahakamani. Fikirieni maana yake kwa mtu wa dukani. Mteja anaweza kuchukua jozi akaondoka, na wewe huna mahali pa kusema. Siku moja wakaingia wateja wawili weupe, ukazuka ugomvi juu ya buti, mmoja akamchapa Lester bakora mbele ya Gibbs. Gibbs kasimama pale pale. Angeinua mkono, angepigwa risasi, na mahakama isingesikia neno lake. Jambo hili aliliandika mwenyewe akiwa mzee, na ukisoma unaona bado linamuuma miaka karibu 50 baadaye.

Sasa njooni kwenye kisa ninachokipenda. Mwaka 1857 serikali ikawadai kodi ya kichwa. Wazee wetu hilo neno wanalijua. Gibbs na Lester wakasema: kura hatupigi, ushahidi hatutoi, kodi ya kichwa ya nini? Hatulipi. Maofisa wakaja, wakabeba viatu dukani, wakavipeleka mnadani. Siku ya mnada watu wamejaa. Dalali anataja bei, kimya. Anashusha, kimya. Alikuwepo mtu mmoja mweupe wa majimbo ya kusini, rafiki yao, akawa anapita katikati ya watu anawaambia habari ya kodi yenyewe na kwamba viatu hivyo waviache vilivyo. Hakuna aliyenyanyua mkono. Mwisho wa siku serikali ikavirudisha viatu dukani.

Wanakusini wenzangu wa korosho, si mnaona? Mnada unaweza kushindwa kwa watu kunyamaza tu. Msimu wa 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walipokataa bei mnadani, nilikuwepo kwa shughuli zangu za viatu. Ule ukimya baada ya bei kusomwa, kisha ghafla makelele. Yaliyofuata mnayajua, serikali ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba korosho. Niliposoma mnada wa akina Gibbs nilisikia harufu ya magunia.

Korosho Ghafi

Hapo umenigusa. Ila usisahau kwamba wakulima wengine wa 2018 walikaa wakisubiri malipo mpaka wakauza mbuzi. Kukataa bei kuna gharama zake.

Muuza Raba

Kweli kabisa. Na akina Gibbs nao gharama ziliwafuata. Viatu vilirudi, lakini sheria ya ushahidi haikubadilika, na mwaka huo huo wa 1857 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwenye kesi ya Dred Scott kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, si raia. Mwanzoni mwa 1858 San Francisco ikawa inatokota kwa kesi ya kijana Archy Lee, ambaye bwana mmoja alitaka kumrudisha utumwani kutoka nchi isiyoruhusu utumwa. Weusi wakakaa vikao: tuhame au tubaki?

Wakahama. Aprili 1858 kundi la kwanza lilipanda meli iitwayo Commodore kwenda Victoria, kisiwa cha Vancouver, wakati ule koloni la Mwingereza, leo ni Kanada. Jumla walihamia mia kadhaa. Gibbs alifuata mwezi wa Juni, na hakwenda mikono mitupu. Dhahabu ilikuwa imeonekana mto Fraser, maelfu ya wachimbaji wanapita Victoria wakihitaji vitu. Akapakia unga, nyama ya nguruwe, mablanketi, sururu na koleo. Mzigo ulikwisha haraka. Akanunua kiwanja chenye nyumba, sehemu akakaa, sehemu akapangisha. Kabla ya hapo biashara ya kisiwa kile ilikuwa mikononi mwa kampuni moja, Hudson's Bay Company. Duka la Lester na Gibbs likawa miongoni mwa maduka ya mwanzo kabisa nje ya kampuni hiyo.

Yaani wachimbaji wanakimbilia dhahabu, yeye anawauzia koleo. Huyu mtu alikuwa na akili za sokoni.

Binti wa Mikindani

Kaka Muuza Raba, shikamoo kama umenizidi. Nina swali. Huyo gavana wa Mwingereza aliwapokea weusi kwa wema tu? Mimi siamini wema wa serikali.

Muuza Raba

Marahaba dada, na swali lako ndilo moyo wa uzi.

Gavana alikuwa James Douglas. Kwanza mjue hili: mama yake alikuwa mwanamke huru mwenye damu ya Kiafrika aliyeishi huko Guyana. Kwa hiyo huenda moyo ulikuwepo. Lakini hesabu ilikuwepo pia. Wachimbaji wa Kimarekani walikuwa wanamiminika kwa maelfu, na Marekani ilikuwa imeshameza nchi nyingi jirani. Douglas alikuwa na askari wachache na kisiwa kikubwa. Alihitaji watu wa kukaa, kununua ardhi na kumtii Malkia, watu wasiokuwa na sababu hata moja ya kuipenda Marekani. Ungewapata wapi kama si hawa?

Yaani ile hukumu ya Dred Scott iliyowavua uraia ndiyo ikageuka ngazi. Serikali ya koloni ikatafsiri kwamba kama Marekani inasema hawa si raia wake, basi hawana utii wa kuuvua, wanaweza kula kiapo kwa Malkia. Na mwenye mali na kiapo alipiga kura.

Uchaguzi wa baraza la koloni, Januari 1860. Mjini Victoria aligombea mhariri wa gazeti aliyejiita Amor De Cosmos. Jina lake la kuzaliwa William Smith, kalibadilisha mwenyewe California, naye alikuwa mtu wa kuja kutoka Nova Scotia. Upande wa pili George Hunter Cary, mwanasheria mkuu wa koloni, na Selim Franklin, dalali wa mnada, Myahudi wa Liverpool aliyepitia San Francisco. Weusi wakapiga kura kwa pamoja kwa Cary na Franklin. Wapiga kura wote wa mji walikuwa wachache, kura za kundi moja lililoshikamana zikapindua meza. De Cosmos akaanguka, na hasira zake akazimwagia kwa weusi.

Kwa hiyo dada, wema sijui. Walihitajika, nao wakajua kwamba wanahitajika. Mimi naona hapo ndipo mgeni anapopata kiti: pale wenyeji wawili wanapogombana, mmoja anakosa mtu wa kumshika mkono.

Kijana wa Kilambo

Nyie mnasema wenyeji wenyeji. Wenyeji wa kisiwa kile ni nani? Hao Waingereza wenyewe si walikuja na meli?

Mwalimu Mstaafu, Masasi

Kijana wa Kilambo ameuliza swali la mtihani. Nawasalimu wote.

Ardhi ya Victoria ilikuwa ya watu wa Lekwungen. Douglas aliandikiana nao mikataba kati ya 1850 na 1854 kuchukua ardhi yao kwa malipo madogo sana. Wakati Gibbs ananunua kiwanja kwa hati, wao walikuwa wamesogezwa. Mwaka 1862 ndui iliingia kwa meli kutoka San Francisco, na wakuu wa mji wakawafukuza watu asilia waliokuwa wamepiga kambi pembezoni. Wakarudi makwao pwani ya kaskazini na ugonjwa, wakafa kwa wingi usiosemeka. Na koloni lilipokwisha kugeuka jimbo la Kanada liitwalo British Columbia, mwaka 1872 jimbo hilo likawanyima kura watu asilia na Wachina. Watu asilia waliipata kura ya jimbo mwaka 1949.

Kwa hiyo Muuza Raba, ndugu yako Gibbs alipewa kura mahali ambapo mwenye nchi hakupewa. Simlaumu. Nasema liandikwe.

Hata hapa kwetu mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 1876 Askofu Steere alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja. Walishukia Lindi, wakatembea. Nia ilikuwa kufika mbali zaidi, kuelekea Nyasa, wakakaa Masasi. Walikuta wenyeji. Nani mwenyeji, nani wa kuja? Nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kupata mtoto wa Masasi anayeweza kulijibu hilo bila kukwama.

Muuza Raba

Mwalimu, asante, na nimekubali kupigwa. Kweli niliipita sehemu hiyo haraka kwa sababu nilikuwa na hamu ya kumpeleka mtu wangu kwenye kiti.

Korosho Ghafi

Mimi nina la kusema, msinikasirikie. Mfanyabiashara akiingia siasa huku kwetu, tunajua anakujaje. Kangomba! Masika chakula kimeisha, anakupa pesa ya unga, korosho bado maua. Msimu ukifika anabeba gunia kwa bei ya kutupwa. Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza mnadani, ilianza 2007 kwa ajili ya kuwazuia hao, na bado wapo. Kisha uchaguzi ukikaribia ndio hao hao wanagawa fulana. Wewe Muuza Raba utakuwa tofauti kwa lipi?

Muuza Raba

Hilo swali ni gumu kuliko la mzee wa kahawa.

Nijibu hivi. Mimi nina daftari la madeni. Kila muuza duka analo. Mwalimu anachukua kiatu tarehe 10, analipa mshahara ukitoka. Mvuvi wa Msangamkuu analipa bahari ikitulia. Ukikaa na daftari miaka kumi unajua nani mgonjwa, nani mtoto wake kafaulu, nani kaachwa. Kangomba naye ana daftari, tofauti yake ni kwamba la kwake mkulima haruhusiwi kuliona. Sijui kama nimekujibu. Gibbs naye hakuwa malaika. Alipangisha nyumba kwa bei ya mji wa dhahabu, na unga wake hakuuza kwa hasara.

Ila kuna kitu duka lilimpa ambacho hotuba isingempa. Victoria hakuwa na kabila wala ukoo. Alikuwa na kaunta. Mtu mweupe ambaye asingemkaribisha nyumbani kwake alikuwa analazimika kuingia dukani kwake, kuvua kofia na kuuliza bei.

Msidhani njia ilinyooka. Mwaka 1861 alikwenda ukumbi wa maonyesho na mkewe na rafiki zao, wakaketi sehemu nzuri kwa tiketi walizonunua. Watu wakawamwagia unga. Unga! Yeye aliyeuza unga. Wanaume weusi walikuwa wameanzisha kikosi cha kujitolea cha kulinda koloni mwaka 1860, sare wakajinunulia, na mwaka 1864 gavana mpya Arthur Kennedy alipokuja wakakataliwa kuandamana kumpokea. Mji ulihitaji bunduki zao na kura zao, lakini kwenye gwaride wasionekane.

Alijaribu udiwani mwaka 1862, mji ulipopewa baraza lake, akakosa kwa kura chache. Hakununa. Akanunua viwanja zaidi mtaa wa James Bay, ng'ambo ya mfereji wa bahari, pale pale walipokaa wakubwa wa serikali. Novemba 1866 akagombea kata hiyo ya James Bay, akashinda. Akawekwa mwenyekiti wa kamati ya fedha, na kuna nyakati alikaimu nafasi ya meya. Mwaka uliofuata wakamrudisha.

Kamati ya fedha, jamani. Yule waliyesema ushahidi wake haufai mahakamani, huku anashika hesabu za mji.

Mwalimu Mstaafu, Masasi

Machi mwaka huo huo wa 1866 Livingstone alishuka Mikindani kuanza safari yake ya mwisho. Vijana wa Mikindani wanawaonyesha watalii nyumba yenye jina lake. Nawapa tu mpime: wakati Mzungu yule anatafuta wapagazi kwenye ghuba yetu, na majahazi yanaendelea kubeba watumwa usiku pwani hii, upande wa pili wa dunia mtu mweusi anahesabu kura zake.

Binti wa Mikindani

Mwalimu umenisisimua mwili.

Lakini mke wa Gibbs kwenye uzi huu yuko wapi? Mmemtaja mara moja tu, kamwagiwa unga, basi.

Muuza Raba

Haya dada, umenikamata. Anaitwa Maria Ann Alexander, alisoma Oberlin, Ohio, chuo kilichopokea weusi na wanawake wakati vyuo vingi vimewafungia mlango. Walioana 1859, watoto watano. Ninavyosoma, maisha ya Victoria yalimchosha, na miaka ya mwishoni mwa 1860 alirudi Ohio na watoto, mume akabaki na siasa na biashara. Wanaume wa sokoni tunaijua hiyo habari, tusijifanye.

Na binti yao Ida, aliyezaliwa Victoria mwaka 1862, ndiye alikuja kufanya kazi na W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, kwenye mikutano ya Umajumui wa Afrika, kuanzia ule wa Paris wa 1919. Mkutano wa sita wa mfululizo huo ulifanyika Dar es Salaam Juni 1974, Mwalimu Nyerere akiwa mwenyeji. Uzi unaanzia duka la buti unaishia chuo kikuu cha Mlimani.

Kijana wa Kilambo

Mkuu kichwa cha habari kinasema diwani. Nilitegemea atafika bungeni. Alifika?

Muuza Raba

Hakufika, na sitaki kumwongezea cheo.

Alikaribia. Septemba 1868 wajumbe 26 walikutana Yale, mji wa mto Fraser bara, kujadili kama koloni liungane na Kanada. Gibbs alikuwa mmoja wao, akiwakilisha kisiwa cha Salt Spring ambako weusi wengi walikuwa wakulima. Mle ukumbini alikaa pamoja na De Cosmos, yule yule aliyeangushwa na kura zao 1860. Sasa wanadai kitu kimoja: serikali inayowajibika kwa wananchi, na muungano. Kumbukeni Marekani ilikuwa imenunua Alaska 1867, koloni limebanwa juu na chini, tena lina madeni. Tarehe 20 Julai 1871 British Columbia ikawa jimbo la Kanada, kwa ahadi ya reli ndani ya miaka kumi. Reli ikakamilika 1885. Sisi tulioona reli ya Mtwara kwenda Nachingwea ikijengwa kwa ajili ya karanga na kung'olewa, walau wao yao ilifika.

De Cosmos akawa waziri mkuu wa pili wa jimbo. Gibbs alikuwa ameshaondoka. Mwaka 1869 alichukua kandarasi ya kujenga njia ya reli ya mgodi wa makaa ya mawe visiwa vya Queen Charlotte, kaskazini, mvua na matope, akaimaliza, makaa ya kwanza yakasafirishwa. Kisha akarudi Marekani, ambako utumwa ulikuwa umekwisha na weusi wanapiga kura. Kaka yake Jonathan alikuwa tayari katibu wa serikali wa jimbo la Florida.

Jimbo alilolisaidia kuzaliwa lilikaa mpaka 1972 ndipo likachagua wabunge weusi, Emery Barnes na Rosemary Brown. Miaka 106 tangu yeye apate udiwani. Na wote wawili ni watu wa kuja, mmoja kutoka Louisiana, mwingine Jamaica.

Korosho Ghafi

Miaka 106! Kwa hiyo alifungua mlango, ukafungwa nyuma yake.

Mwalimu Mstaafu, Masasi

Tusiende mbali. Uchaguzi wetu wa 1958 na 1959 ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. TANU iligawanyika vibaya juu ya kushiriki au kususia, ikaamua kushiriki kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958. Ndipo wakaingia watu kama Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza wa familia ya wafanyabiashara wa Kihindi, aliyekuja kuwa waziri wa fedha miaka mingi na mbunge wa Morogoro. Watu wa Morogoro hawakumuuliza kwenu wapi. Au walimuuliza, akajibu kwa kazi.

Kwa maduka ya Mikindani na Lindi, wazee wenye maduka ya mawe mlango wa nakshi walikuwa na pesa na watu wanawafahamu, lakini bandari ya Mtwara ilipojengwa biashara ikahama, na wengi wakahama nayo. Yaliyobaki ni majengo.

Kijana wa Kilambo

Sasa Marekani alikwenda kufanya nini, kuuza viatu tena?

Muuza Raba

Sheria. Mtu wa miaka karibu 50 anakwenda kusoma sheria! Akahamia Little Rock, Arkansas, mwaka 1871, na mwaka 1873 akachaguliwa hakimu wa mji, mweusi wa kwanza kuchaguliwa hakimu wa mji nchi nzima. Fikirini: kijana aliyesimama San Francisco akiangalia mwenzake anachapwa kwa sababu ushahidi wake hausikilizwi, sasa anaketi kitini anasikiliza ushahidi wa watu. Mimi hapo niliweka simu chini.

Halafu sehemu ya kwetu. Mwaka 1897, ana miaka 74, Rais McKinley akamteua balozi mdogo Madagaska, mji wa Tamatave, mpaka 1901. Bahari hii hii. Wafaransa walikuwa ndio kwanza wameinyakua nchi na kumpeleka uhamishoni Malkia Ranavalona wa Tatu. Mwaka 1898 tauni ikaingia Tamatave. Mzee akavumilia. Aliporudi nyumbani akaandika kumbukumbu zake, zikatoka 1902.

Mwisho wake haukuwa wa asali tupu. Alikuwa rais wa benki ya weusi Little Rock, iliyofunguliwa 1903, ikaanguka 1908, wenye akiba wakalia, kesi zikamwandama. Alifariki Julai 1915 akiwa na miaka 92.

Korosho Ghafi

Nilijua tu, benki! Daftari la mwisho likamshinda.

Muuza Raba

Likamshinda. Sikulificha, ulitaka nisilete hadithi ya shilingi mia.

Binti wa Mikindani

Kaka, turudi kwako. Kwa Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, na Wayao na Wamwera vile vile. Wewe umetueleza babu mzaa baba tu. Mama yako ni wa wapi?

Muuza Raba

Mama? Mama ni wa Newala, bibi yake kazikwa huko.

Binti wa Mikindani

Sasa si ungemjibu hivyo mzee! Kwa mila zake mwenyewe wewe ni mtu wa Newala, kwa mjomba wako. Mwanaume mzima umekosa usingizi mwezi mzima kwa swali ambalo mama yako angelijibu akiwa anachambua mchele.

Mwalimu Mstaafu, Masasi

Binti amemaliza kazi.

Muuza Raba

Nimecheka mpaka jirani wa kitenge ananiangalia. Kweli sikuwaza upande huo. Ila dada, mtu ambaye mama yake pia ni wa ng'ambo ya Ruvuma atajibu nini? Na wapo wengi hapa sokoni. Hilo bado linanikera.

Kijana wa Kilambo

Mimi mmoja wao. Mama wa Palma, baba wa Palma. Kadi ya mpiga kura ninayo.

Korosho Ghafi

Fomu unachukua au huchukui?

Muuza Raba

Sijaamua. Nitawaambia humu humu.

Mvua imekatika, acha nitoe mzigo nje. Na yule mzee wa kahawa, nilisahau kuwaambia, asubuhi amemtuma mjukuu wake kuchukua raba namba 42, pesa atatoa mwisho wa mwezi. Nimeandika.